Kofia Iliyojaa Uyoga

Izia, Sumbawanga
Jumamosi, tarehe 6 Januari

Resti mwanangu,

Leo nimeapa kukuambia yote, na kiapo nimekikabidhi kwa kalamu kwa sababu mdomo umenishinda. Mara tatu wiki hii nimeanza kusema, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Jana uliniuliza, "Mama mdogo, unaumwa? Maana unanilisha kama bata." Siumwi. Nina neno.

Wewe na Bibi mmekwenda parokiani kuaga, maana kesho unakwenda shule ya bweni, na mkitoka huko mtapita kwa fundi kuchukua sketi. Nina saa mbili, labda tatu kama Bibi atakutana na mtu wa kuongea naye, na huwa hakosi. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni, daftari magotini. Mawingu yametanda na uani hakuna kivuli hata kimoja, si cha kuku wala cha nguzo ya kuanikia nguo. Siku kama hii hii ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Habari za kufuli la tranka, ndoo yenye jina na kutokuazima kijiko, Bibi amekwisha kuzisema mpaka kuku wanazijua. Mimi sitazirudia.

Nianze na namna nilivyokuwa mama yako, maana ulikuwa mdogo mno kuikumbuka siku hiyo. Dada yangu Gaudensia, mama yako mzazi, alipofariki, wewe ulikuwa na miaka mitatu na mimi minane. Baada ya matanga, mama yangu, huyo unayemwita Bibi, alikufunga mgongoni kwangu kwa kanga, akakaza fundo kifuani na kusema, "Kuanzia leo huyu ni mwanao. Mimi nina shamba." Miguu yako ilinifika magotini. Wenzangu bombani walicheka mpaka ndoo zikafurika.

"Mama mdogo kweli kweli! Mtoto amembeba mtoto!"

Niliwaambia wacheke tu, mimi nina mwana na wao hawana. Nilijivuna, Resti. Nilikuogesha kwa maji ya moto hata siku ambazo mimi nilioga ya baridi. Ulipofika miaka mitano ulianza kujijibia mwenyewe. Unakumbuka yule binti wa jirani aliyesema, "Odilia, mbona mwanao hajaiva?" Uliweka kikopo chako chini, ukamtazama kwa yale macho yako ya kukunja, ukamwambia, "Mimi nimeiva. Nyinyi mmeungulia chunguni." Mpaka leo nikikutana naye sokoni ananiuliza, "Yule mwanao mwenye mdomo hajambo?"

Mama yako alikuachia kofia. Aliishona mwenyewe kwa kitambaa cha buluu, ukingo mpana kama sinia, na aliikata kubwa makusudi ili uikute utakapokua. Ulipofika miaka sita ikawa inakukaa sawasawa. Bibi alikuwa na sheria moja tu juu yako, tofauti na sheria zetu sisi wengine: kofia isitoke kichwani ukiwa nje. Watu wa zahanati walikuwa wamemweleza kwamba ngozi ya mtoto mwenye ualbino haina ile rangi ya kuilinda na jua.

Sasa siku yenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe sita. Ilibaki wiki moja shule zifunguliwe, nawe ulikuwa uanze darasa la kwanza. Sare yako ilikuwa imekwisha kushonwa, imening'inia kwenye msumari, na kila jioni uliigusa pindo kama mtu anayemsalimia mgeni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Mbizi. Ukungu ulipoondoka, yalibaki mawingu meupe, membamba, yametandazwa kote kama shuka. Baridi ilikuwa ile ya kwetu ya kuvaa sweta juu ya sweta. Bibi alituacha kwenye kibanda cha shambani, akaenda kupalilia mahindi upande wa pili wa mfereji.

"Kofia," aliniambia, akininyooshea kidole.

"Ndiyo, Mama."

Mvua ya juzi yake ilikuwa imeotesha uyoga kwenye vichuguu, ule mkubwa wenye kofia kama miavuli, na hakuna aliyekuwa ameuona kabla yetu. Ukichelewa saa moja, wenzako wamebeba. Sikuwa na kikapu. Niliangalia huku na huku, nikaona kofia yako.

"Lete hiyo," nikasema.

"Bibi amesema isitoke."

"Amesema kwa sababu ya jua. Leo jua liko wapi? Nionyeshe."

Ulikunja uso, ukainua kichwa na kuzungusha macho mbinguni, upande huu mpaka upande ule, machozi yakikulengalenga. Kisha ukasema, "Liko kote."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Liko kote! Lingekuwapo, tungekuwa na vivuli. Haya, kivuli chako kiko wapi?"

Uliangalia miguuni kwako, ukazunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake. Ukanipa kofia.

Tuliokota tangu saa nne mpaka saa nane mchana. Wewe ndiye uliyekuwa na bahati, kila kichuguu ulichokimbilia kilikuwa nao. Kofia ilijaa hadi ukingoni, na ule udongo mwekundu wa mizizi ukaingia kwenye kitambaa. Tuliporudi kibandani uso wako ulikuwa umeiva kama nyanya, nami nikajiambia ni kwa sababu ya kukimbia. Kufikia saa kumi na mbili masikio yalikuwa yamevimba, na shingoni kwa nyuma ngozi imeanza kufanya malengelenge. Ulikuwa unatetemeka na kusema unasikia moto.

Bibi alishika kofia, akaigeuza, akatazama udongo.

"Nani ameivua?"

Resti, hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu, kwa sababu mimi nimeandika taratibu. Nilisema, "Ameivua mwenyewe. Nilimkuta ameshaijaza uyoga."

Bibi akakugeukia. "Ni kweli, Resti?"

Ukanitazama. Midomo yako ilikuwa imevimba, maneno yalitoka kwa shida. "Ndiyo, Bibi. Mimi mwenyewe."

Tulikupeleka zahanati, wakakupaka dawa, wakatupa na nyingine ya kwenda nayo. Uyoga ulipikwa kwa karanga. Wewe hukula kwa sababu chumvi ilikuchoma midomo. Mimi nilikula. Nakumbuka ulikuwa mtamu, na hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui yalitoka wapi. Baada ya siku mbili Bibi akasema, "Mtoto asiyesikia habari ya kofia mbele ya macho yetu, shuleni nani atamshikia? Atangoja mwaka mmoja, apate akili." Sare ikabaki kwenye msumari. Asubuhi ulikuwa unakaa dirishani, kwa ndani, unawatazama wenzako wakipita. Ulipokuja kuivaa mwaka uliofuata ilikuwa imekufupia, Bibi akaiongezea kipande cha rangi nyingine chini, nawe ulikivaa kipande hicho mpaka darasa la tatu. Unaingia kidato cha kwanza na miaka kumi na minne kwa sababu hiyo. Si kwa sababu ulikuwa mtoto asiyesikia. Ulisikia. Mimi ndiye niliyekuvua.

Mwaka ule nilikufundisha herufi kwa mkaa ukutani, nyuma ya jiko. Majirani walinisifu. "Odilia ana moyo," walisema, "mdogo vile, na anamsomesha mwenzake." Nilizipokea sifa hizo, nikaendelea kuandika ukutani.

Lakini nikuambie jinsi mtu anavyoweza kuishi na jambo la namna hiyo, maana nawe utakutana na yako. Nilijipatia kisingizio. Nilijiambia: ni kweli nilisema uongo, lakini uongo huo haukumuunguza mtu. Siku ile hapakuwa na jua. Hapakuwa na kivuli. Labda ni majani fulani yaliyomgusa, labda ni moshi wa kibandani, labda ni ugonjwa tu uliokuwa unakuja, na hata kwa kofia angeungua. Nilikiamini kisingizio hiki kwa miaka minane, Resti. Sisi watu wa baridi tunaamini kwamba kinachochoma ni joto, na ukiwa umevaa sweta mbili utasemaje kwamba umechomwa?

Muhula uliopita Madam wetu wa fizikia aliingia darasani na chupa ya maji, pakiti ya maziwa na simu yake. Nyuma kuna mtu akasema, "Leo tunakunywa chai," tukacheka. Alituagiza tuzibe madirisha kwa masweta yetu. Akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye chupa ya maji safi. Tuliokaa ubavuni hatukuona kitu ndani ya chupa; mwanga ulipita moja kwa moja, ukaweka doa ukutani.

"Mwanga unakuja kwa chembe," akasema, "ndogo kupita mnavyoweza kufikiri. Kila moja tunaiita fotoni. Fotoni ikikutana na kitu ina mambo matatu: kitu hicho kinaweza kuiachia njia ipite, kinaweza kuimeza, au kinaweza kuigeuza ikaenda kwingine. Leo tunataka hilo la tatu."

Akatia matone machache ya maziwa. Chupa nzima ikang'aa. Wa ubavuni tukaona ubuluu hafifu, kama moshi wa asubuhi. Waliokuwa mwishoni, wanaotazamana na tochi, wakapiga kelele: "Imekuwa ya chungwa, Madam! Kama jua linazama!" Akatueleza kwamba chembe ndogo sana huugeuza mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, ndiyo maana mbingu ni buluu kila upande unaotazama. Kisha akaongeza maziwa, mengi, chupa ikawa nyeupe tupu.

"Haya. Sasa tochi iko wapi?"

Hakuna aliyeweza kuiona. Mwanga ulikuwa unatoka chupa nzima, juu, chini, ubavuni, bila mwanzo. Na mimi, kabla sijafikiri, nikasema kwa sauti, "Iko kote."

Darasa likaangua kicheko. Madam hakucheka. "Mwacheni," akasema, "amejibu sawa."

Nilikaa pale na sikusikia kilichoendelea. Nilikuwa namsikia mtoto wa miaka sita, machozi yakimlengalenga, ananionyesha jua na mimi namcheka.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata Madam nje. "Madam, na wingu?"

"Wingu ni maziwa tu," akasema. "Matone ya maji. Fotoni inaingia, inagonga tone, inageuka, inagonga jingine, inageuka tena, mwishowe nyingi zinatokea chini huku kwetu, lakini zinakuja kutoka kila upande. Ndiyo maana kivuli kinapotea. Kivuli ni mahali mwanga usipofika. Ukija kutoka kote, kitakaa wapi?"

"Lakini kunakuwa na baridi."

"Joto jingi linamezwa na wingu. Ile miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni na ndiyo inayounguza ngozi, inapita, hasa wingu likiwa jembamba. Na hapa Ufipa tuko juu, hewa ya kuizuia ni chache." Akanitazama. "Kwa nini unauliza kama mtu aliyefiwa?"

Nikasema nina mwanangu.

Fizikia iliniondolea kisingizio siku hiyo. Siku ile ya uyoga mwanga ulikuwepo, mwingi, ulikugeukia toka mbinguni kote, na kofia ambayo ingezuia sehemu yake kubwa ilikuwa mikononi mwangu. Madam alitusimulia baadaye juu ya fotoni zenye nguvu sana, kama zile za eksirei: zikigonga elektroni, zile chembe ndogo zilizomo ndani ya kila kitu, haziondoki kama zilivyokuja. Zinaacha sehemu ya nguvu yao, na elektroni nayo inasukumwa kutoka ilipokuwa. Nilipoyanakili hayo nilijiwazia mimi na wewe na lile neno moja nililolitamka mbele ya Bibi, lililokusukuma wewe na kunipunguza mimi.

Kuna jambo jingine nililolipata katika chupa ile, na hili ni zuri, kwa hiyo nimelitunza. Maziwa si meupe kwa sababu yamepakwa rangi nyeupe. Hayana rangi hiyo. Ni kwamba mwanga unaingia ndani, unageuzwageuzwa, na unarudishwa nje wote bila kuchaguliwa. Ndivyo lilivyo wingu, ndivyo ulivyo unga wa mahindi, ndivyo lilivyo povu la sabuni unalopenda kupuliza. Ngozi yangu ina chembe zinazomeza mwanga. Yako inaupokea, inauzungusha, inaurudisha. Kwa hiyo siku wakikuuliza bwenini kwa nini hujaiva, unaweza kuwajibu lile la chungu, ni zuri, lakini ujue na hili pia kwa ajili yako mwenyewe. Wewe hujapungukiwa rangi kama nguo iliyochujuka. Mwanga ukija kwako hauzamii humo, unarudi kutusalimia. Macho yako nayo ni hivyo hivyo: mwanga unapenya kwa wingi na kutawanyika ndani, ndiyo maana unakunja uso. Mimi nilikuwa nakuambia, "Acha kukunja uso, utazeeka." Nisamehe na hilo.

Wiki iliyopita nilimwambia Bibi. Alikuwa anapepeta ulezi, mimi nimeshika gunia. Nilisema yote kwa pumzi moja: uyoga, kofia, uongo. Ungo ulisimama hewani.

"Mwaka mzima, Odilia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mwaka mzima nilimwita mtoto wa watu asiyesikia."

Nilianza kumwomba radhi. Akaanza tena kupepeta, taratibu, bila kunitazama. Kisha akasema, "Usiniambie mimi. Kamwambie mwenye ngozi yake." Tangu hapo hajaligusa tena. Lakini uliona mwenyewe juzi alivyokununulia ile kofia mpya na kukuvisha kwa mikono yake, akakaa ameishika mashavuni mwako muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ulidhani ni kwa sababu unaondoka.

Kesho basi litapita Namanyere na kuteremka mpaka ziwani, iliko shule yako, mahali ambapo sijawahi kufika. Madam anasema mchanga na povu la mawimbi huurudisha mwanga kutoka chini, ukaingia chini ya ukingo wa kofia hata uwe mpana namna gani. Najua utavaa, utapaka mafuta yako, utakaa kwenye kivuli. Ninachotaka ujue ni kwamba mtu aliye karibu nawe, anayekupenda, anaweza kukuambia leo hakuna jua, na akawa anaamini anachosema. Na wewe ukiwa unaliona, Resti, liamini jicho lako. Uliliona una miaka sita.

Barua hii nitaiweka ndani ya ile kofia ya zamani, chini kabisa ya tranka. Haikutoshi tena. Doa la udongo bado lipo upande wa kushoto, nimeifua mara nyingi na halitoki. Ndani yake pia kuna bahasha yenye anwani yangu ya shuleni, na karatasi mbili tupu. Huna haja ya kuzijaza. Hata mstari mmoja utanitosha, na hata ukiwa wa hasira nitausoma kwa shukrani.

Nawasikia njiani. Bibi anacheka, kwa hiyo alimpata mtu wa kuongea naye. Nimebakiwa na swali moja. Nimelibeba tangu siku ya chupa ile, na ndilo hasa lililoniandikisha kurasa zote hizi. Bibi alipokuuliza kama ni kweli, ulinitazama kwanza, ndipo ukasema, "Mimi mwenyewe." Kwa nini, mwanangu? Ulikuwa unajua kwamba ninasema uongo ukaamua kunificha, au uliniamini sana hata ukadhani kweli uliivua mwenyewe?

Mama yako mdogo,
Odilia